Kisima Kilichogeuzwa Mstari: Uhakiki wa Jedwali la Vituo vya Maji vya Tanzania

Anayejifunza kutengeneza programu na ramani za usimamizi wa maji hachelewi kukutana na jedwali moja lililotoka Tanzania. Lina mistari 59,400, na kila mstari ni kituo kimoja cha kuchotea maji: kisima chenye pampu ya mkono, bomba la jumuiya, chemchemi iliyojengewa, hata birika la kunyweshea mifugo. Kila kituo kimeelezwa kwa safu 40. Data zake zilitoka Wizara ya Maji kupitia jukwaa la Taarifa, zikatumika katika shindano la DrivenData liitwalo Pump it Up, na tangu hapo zimekuwa zoezi la wanafunzi wa sayansi ya data katika mabara mengi. Swali la zoezi ni fupi. Ukipewa maelezo ya kituo, je, kompyuta inaweza kubashiri kama kituo hicho ni kizima, kinatoa maji lakini kinadai matengenezo, au hakifanyi kazi kabisa?

Wanafunzi wengi huingia katika jedwali hili kama watu waingiao ghalani: wanachukua wanachokihitaji, wanatupa kilichooza, wanafunga mlango. Nataka kulisoma kwa namna nyingine, kama tunavyosoma matini yenye fani. Jedwali lina muundo, lina wahusika, lina lugha, lina mpangilio wa wakati, na lina namna yake ya kutoa hukumu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoanguka kutoka mbinguni. Kila safu ni swali ambalo mtu aliamua liulizwe, na kila safu isiyokuwepo ni swali ambalo mtu hakuliona au aliliacha. Kwa hiyo, kabla mwanafunzi hajaandika mstari wa kwanza wa programu, umbo la jedwali limekwisha kumwambia maji ni nini, nani ana sauti juu yake, na kushindwa kwa mradi wa maji kunafananaje. Asiyelisoma umbo hilo huipokea hukumu yake bila kujua kwamba ni hukumu.

Muundo: mstari huzaliwa na kituo

Tuanze na kipimo cha msingi cha jedwali, yaani mstari. Mstari mmoja ni kituo kimoja. Uamuzi huu unaonekana wa kawaida mno hata msomaji anaupita bila kusimama, lakini ndio wenye nguvu kuliko yote. Maana yake ni kwamba ili uwepo ndani ya jedwali, sharti kwanza ujengewe kitu. Kijiji chenye visima vitano kina mistari mitano. Kijiji ambacho wanawake wake huamka alfajiri kwenda kuchimba maji ya mchangani kwenye korongo hakina mstari. Kukosa maji, ambako ndiko kulikozaa haja ya ukaguzi wote huu, hakuna mahali pa kukaa ndani ya muundo.

Linganisha na Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002. Sera hiyo iliweka kiwango cha huduma vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kwa watu wasiozidi 250. Angalia sarufi ya kiwango hicho. Kinaanza na mtu, kinapita nyumbani kwake, kinapima mwendo wake, ndipo kinafika kisimani. Jedwali linaanza kisimani na kuishia hapo hapo. Lina longitudo na latitudo ya pampu, lakini halina nyumba hata moja. Mwanafunzi anayetaka kujua kama kiwango cha sera kimefikiwa atatafuta umbali wa mita 400 na hataupata, kwa sababu umbali unahitaji ncha mbili na jedwali lina ncha moja tu.

Ipo safu moja inayogusa watu: idadi ya wakazi wanaokizunguka kituo. Katika mistari 21,381 safu hiyo imeandikwa sufuri, na katika mistari mingine 7,025 imeandikwa moja. Karibu nusu ya vituo vyote, basi, vinadaiwa kuhudumia mtu mmoja au kutomhudumia yeyote. Safu iliyopaswa kuwa moyo wa jedwali ndiyo iliyojazwa kwa uvivu kuliko nyingi, na hilo halishangazi: muundo uliomfanya kisima kuwa mhusika mkuu haukuwa na sababu ya kumhoji mchotaji.

Wahusika: aliyetoa fedha na anayeziba bomba

Katika riwaya tunamjua mhusika mkubwa kwa nafasi anayopewa. Ana jina, ana historia, anatajwa mara kwa mara. Tukitumia kipimo hicho hapa, mhusika mkubwa wa pili baada ya pampu ni mfadhili. Amepewa safu yake mwenyewe, na ndani yake kuna majina tofauti karibu 1,900. Yumo Serikali ya Tanzania mwenye mistari 9,084. Wamo Danida wa Denmark, Benki ya Dunia, kanisa la KKKT, mfuko wa TASAF, na HESAWA, mpango uliofadhiliwa na Sweden katika mikoa ya Ziwa Viktoria. Fundi au taasisi iliyojenga nayo ina safu yake. Ukizisoma safu hizi mbili pamoja na safu ya aina ya pampu, historia ya misaada ya maji tangu miaka ya 1970 inajitokeza: enzi ambapo nchi wahisani ziligawana mikoa, Wafini wakashika Mtwara na Lindi, Wadenmark wakashika Iringa, Mbeya na Ruvuma, na kila mmoja akaja na vifaa vyake. Pampu ya Nira ni ya Kifini, SWN 80 ni ya Kiholanzi, India Mark II inajieleza yenyewe kwa jina. Huu ni utajiri halisi wa jedwali, na msomaji mwangalifu atajifunza humo mengi kuhusu kwa nini vipuri vya kijiji kimoja havifai kijiji cha jirani.

Sasa mtazame yule anayekitunza kituo baada ya mfadhili kuondoka. Katika mistari 40,507, yaani zaidi ya theluthi mbili, msimamizi wa kituo ni kamati ya maji ya kijiji. Na kamati hiyo, katika mistari yote hiyo, imeandikwa kwa herufi tatu zile zile za kifupisho. Mfadhili amepewa majina karibu 1,900; kamati imepewa kifupisho kimoja. Hatujui kamati ina wajumbe wangapi, ilikutana lini, ina fedha kiasi gani mfukoni, wala kama kuna mtu kijijini anayejua kufungua pampu na kubadilisha vali. Tunajua tu kama uliwahi kufanyika mkutano wa hadhara, ndiyo au hapana. Anayechota maji hana safu. Fundi wa kijiji hana safu. Mtu aliyefika pale na daftari au simu akaangalia kama koki inatoa maji naye hayumo. Safu ya mkusanyaji imejazwa jina la kampuni ile ile moja mara 59,400, na kwa hiyo haimwambii msomaji lolote.

Jambo hili lina matokeo ya kiufundi, si ya heshima tu. Modeli, yaani programu inayofundishwa kubashiri kutokana na data, hujifunza kutokana na tofauti. Pale ambapo jedwali limetofautisha, modeli itaona sababu. Pale ambapo jedwali limefanya kila kitu kuwa sawa, modeli itaona ukuta. Mwanafunzi atakayeiuliza modeli yake nini kinaua visima ataambiwa habari za mfadhili, za aina ya pampu, za mkoa. Hataambiwa habari za kamati nzuri na kamati mbovu, kwa sababu jedwali limezifanya kamati zote kuwa moja. Kisha ataandika ripoti kwamba usimamizi wa kijiji hauna uzito mkubwa, naye atakuwa ameripoti umbo la jedwali akidhani ameripoti hali ya vijiji.

Lugha: safu ambayo wanafunzi huitupa

Vichwa vya safu vimeandikwa kwa Kiingereza, na majibu mengi ya kuchagua vilevile. Lakini ndani ya safu ya jina la kituo Kiswahili kinaingia kwa wingi, na kinaingia na watu wake. Jina linaloongoza ni Shuleni, mara 1,748. Linafuata Zahanati, mara 830, kisha Msikitini, mara 535. Wamo Kanisani, Sokoni, Ofisini. Halafu yanakuja maelfu ya majina yanayoanza na "Kwa": kwa mzee fulani, kwa mama fulani, kwa mwenyekiti. Kwa jumla kuna majina tofauti zaidi ya 37,000.

Kwa mwandishi wa programu anayeanza, hiyo ni balaa. Safu yenye majibu mengi hivyo haiingii kirahisi katika kanuni za uainishaji, na ushauri wa kawaida ni kuifuta. Hufutwa mapema, pamoja na safu ya kitongoji, na zoezi linaendelea. Kwa mhakiki, safu hiyo ndiyo mahali pekee ambapo wanakijiji wanazungumza kwa sauti yao. Jina la kituo halikutoka katika orodha ya kuchagua, lilitoka kinywani mwa mwenyeji aliyeulizwa, "Hapa mnapaitaje?" Na jibu lake lina mpangilio. Majina yanayoishia kwa kiambishi cha mahali yanakieleza kituo kama sehemu ya taasisi: shule, msikiti, soko, ofisi ya kijiji. Majina ya "Kwa" yanakieleza kituo kwa jirani yake, yaani mtu ambaye kituo kiko karibu na uwanja wake, ambaye huenda ndiye anayeshika ufunguo, au ambaye alitoa ardhi ili kijengwe.

Tofauti hiyo ni ya usimamizi moja kwa moja. Pampu ya shule ina mwalimu mkuu, ina likizo, ina mamia ya watoto wanaoning'inia juu yake. Pampu iliyo kwa mtu ina jicho la kuiangalia usiku, na pia ina hatari ya kuwa mali ya mtu. Mwanafunzi anayejua Kiswahili angeweza, kwa mistari michache ya programu, kuigawa bahari hii ya majina katika makundi kama matano na kuipa modeli safu mpya iliyotoka katika elimu ya wenyeji. Hapa mwanafunzi wa Morogoro au Mbeya ana faida ambayo mwenzake wa Chicago hana. Ni huzuni kwamba mafunzo mengi yanamfundisha aanze kwa kuitupa faida hiyo.

Lugha ya jedwali inaonyesha pia mikono iliyoliandika. Katika safu ya wajenzi, jamii imeandikwa mahali pengine kwa ukamilifu na mahali pengine imekatwa ikawa "Commu". Serikali imekatwa ikawa "Gover". Mradi wa Wafini una tahajia kadhaa. Wataalamu huita hali hii uchafu wa data na kuifuta kwa programu ya kusafisha. Kuifuta ni sawa, maana kompyuta haijui kwamba majina hayo ni ya taasisi moja. Lakini kabla ya kuifuta, isomwe: inaonyesha majibu yaliyoandikwa kwa kusikia, kwa haraka, na watu wengi, bila orodha moja ya pamoja. Ni taarifa juu ya namna kazi ilivyofanyika, na inafaa kumfundisha anayetengeneza fomu mpya ya simu kwamba orodha ya kuchagua inahitajika wapi na nafasi ya kuandika huru inahitajika wapi.

Sufuri: ukimya uliovaa sura ya namba

Kila matini ina mahali inaponyamaza. Jedwali hili linanyamaza kwa kuandika sufuri. Mwaka wa ujenzi ni sufuri katika mistari 20,709, zaidi ya theluthi moja ya vituo. Katika safu ya wafadhili, sufuri imeandikwa mara 777 mahali pa jina. Na katika mistari 1,812 longitudo ni sufuri na latitudo ni namba inayokaribia kabisa sufuri, kwa hiyo mwanafunzi anapochora ramani yake ya kwanza anaona nukta za vituo vya Tanzania zikiwa baharini, katika Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana.

Ukimya wa wazi, kama nafasi tupu, humwonya msomaji. Ukimya uliovaa sura ya namba humdanganya, kwa sababu namba inaweza kujumlishwa. Programu itachukua mwaka sufuri na kuhesabu kwamba kisima kina umri wa miaka elfu mbili. Mwanafunzi akigundua hilo, mafunzo humshauri aweke wastani wa miaka mingine yote mahali pa sufuri. Hapo ndipo kosa la pili, zito zaidi, linapofanyika. Sufuri hizi hazikutawanyika ovyo nchini. Zimerundikana katika mikoa michache, miongoni mwake Dodoma, Kagera, Mbeya na Tabora, ambako vituo vya mkoa mzima havina mwaka. Mrundikano wa namna hiyo unasema wazi kwamba katika mikoa hiyo swali halikuulizwa au jibu halikuhifadhiwa. Ukiweka wastani, umewapa maelfu ya visima vya Dodoma tarehe ya kuzaliwa iliyotungwa kutokana na visima vya Kilimanjaro na Iringa. Modeli itakubali, alama zitapanda kidogo, na historia ya maji ya mikoa hiyo itakuwa imebuniwa na mtu ambaye hakukusudia kubuni.

Na zile nukta za baharini? Nyingi ni vituo vya Mwanza na Shinyanga. Kawaida hufutwa. Lakini hebu soma mstari mzima badala ya namba mbili: una mkoa, una wilaya, una kata, na kwa kawaida una kitongoji na jina la kituo. Kilichopotea ni namba za GPS. Kituo chenyewe kinajulikana kilipo kwa ukamilifu ambao ungemtosha mgeni yeyote kukifikia kwa kuuliza njia. Mwanafunzi anaweza kukirudisha katika kata yake kwa kutumia ramani ya mipaka ya utawala, akaweka alama kwamba mahali hapo ni pa makadirio. Kumfundisha afanye hivyo ni kumfundisha adabu ya kazi hii: kituo cha maji hakifutwi ramani kwa sababu kifaa kilikosa satelaiti.

Wakati: picha moja ya kitu kinachobadilika

Kila mstari una tarehe moja. Tarehe nyingi ni za mwaka 2011 na 2013, na miezi inayoongoza ni Februari na Machi. Mtu anayeijua nchi ataguna mara moja. Katika Dodoma, Singida na Iringa, Februari na Machi ni katikati ya msimu wa mvua. Kisima kinachokauka kuanzia Agosti kitaonekana kizima mwezi Machi. Ni kweli kwamba jedwali lina safu ya wingi wa maji, na vituo 4,050 vimeandikwa kuwa ni vya msimu huku 6,246 vikiwa vimekauka. Lakini jibu hilo lilitegemea mkusanyaji kuuliza na mwenyeji kueleza. Halikutokana na mtu kurudi mara ya pili.

Kwa lugha ya fani, jedwali halina mtiririko wa matukio. Halina "kisha". Pampu ilijengwa mwaka fulani na ilionekana siku fulani, na katikati hakuna kitu: hakuna siku ilipoharibika, hakuna siku ilipotengenezwa, hakuna miezi ambayo kijiji kilikaa bila maji kikisubiri kipuri. Usimamizi wa maji, hata hivyo, ni shughuli ya "kisha" tupu. Mhandisi wa wilaya haulizi tu kama pampu imekufa. Anauliza ilikufa lini, imekufa mara ngapi, na ilichukua muda gani kufufuka. Kituo kilichoharibika mara sita na kutengenezwa mara sita ni ushahidi wa kamati imara. Kituo kipya kisichowahi kuguswa ni fumbo. Katika jedwali vyote viwili vina neno moja: kizima.

Wakati umelipita jedwali kwa namna nyingine pia. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na kuweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii mahali pa mpangilio wa zamani wa kamati za vijiji. Modeli iliyofundishwa kwa mistari ya 2011 na 2013 inaujua utawala wa maji ambao haupo tena kwa sura ile. Kuitumia leo kupanga magari ya mafundi kungekuwa kosa, hata kama alama zake ni nzuri.

Ladha: kile ambacho ulimi unakijua

Safu ya ubora wa maji inastahili kuangaliwa kidogo. Majibu yake ni ya hisia: maji laini, maji ya chumvi, maji meupe kama maziwa, maji yenye rangi. Ni ushahidi mzuri, kwa maana watu huliacha bomba la chumvi na kurudi kwenye korongo. Lakini limo jibu moja ambalo ulimi na jicho havilijui: floraidi. Limeandikwa katika mistari 200 tu, na mistari mingine 17 ya vituo vilivyoachwa kwa sababu hiyo. Msomaji anayeijua Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, anayeyajua meno ya kahawia ya watoto na mifupa iliyopinda, anafahamu kwamba floraidi si habari ya vituo mia mbili. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kiasi hicho hakipimwi kwa kuonja. Maji yenye floraidi nyingi yanaweza kuwa maangavu na matamu, na kwa hiyo yakaandikwa "laini".

Hapa umbo limechanganya ushahidi wa aina mbili katika safu moja, wa kinywa na wa maabara, bila kumwambia msomaji upi ni upi. Mtengenezaji wa programu anayejifunza kutokana na kosa hili ataongeza safu nyingine: jibu hili limepatikanaje?

Hukumu tatu, na ile ya katikati

Tumefika kwenye kilele. Vituo 32,259 ni vizima, sawa na asilimia 54.3. Vituo 22,824 havifanyi kazi, asilimia 38.4. Katikati viko 4,317 vinavyotoa maji lakini vinadai matengenezo, asilimia 7.3. Shindano linapima usahihi wa jumla: katika kila mia, umepata mangapi?

Kipimo hicho nacho ni umbo, na umbo hilo lina tabia. Modeli ya kipumbavu kabisa, inayosema "kizima" kwa kila kituo, inapata asilimia 54.3 bila kusoma safu yoyote. Modeli inayolipuuza kundi la katikati lote haiwezi kupoteza zaidi ya asilimia 7.3. Waliofika kileleni wamevuka asilimia 82, lakini kundi hilo la katikati ndilo ambalo modeli nyingi hulikosea zaidi, na kipimo kinawasamehe.

Sasa waulize wahandisi wa maji ni kundi lipi wangependa kulijua mapema. Kituo kizima hakihitaji safari. Kituo kilichokufa kinajulikana, kwa sababu kijiji kizima kinalalamika. Kituo cha katikati ndicho ambacho washa moja ya mpira, fimbo moja ya pampu au siku moja ya fundi inaweza kukiokoa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kundi hili ndilo ufa. Kipimo cha shindano kinamfundisha mwanafunzi kwamba ufa ni asilimia saba tu, hivyo unaweza kuachwa. Kwa elimu ya uainishaji, hiyo ni hasara ndogo. Kwa usimamizi wa maji, ni kuligeuza somo juu chini.

Nukta na mfereji

Ili kuonyesha kwamba umbo jingine linawezekana, tazama kazi ya Ramani Huria jijini Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015 baada ya majaribio ya awali ya Tandale mwaka 2011. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wa kata husika, walipita mitaani wakichora majengo, njia na mifereji ndani ya ramani ya wazi ya OpenStreetMap, kwa sababu jiji lilikuwa linazama kila masika. Maji yao yalikuwa tatizo la kuzidi, si la kukosa, lakini somo la umbo ni lile lile.

Kituo cha maji huchorwa kwa nukta. Mfereji huchorwa kwa mstari wenye upana, kina na aina ya ujenzi. Nukta inaweza kukaa peke yake. Mstari wa mfereji hauwezi. Sharti utoke mahali na uende mahali, na mchoraji akiuacha ukakatika katikati ya mtaa, ramani yenyewe inamuuliza: maji yanakwenda wapi kuanzia hapa? Umbo linamlazimisha arudi mtaani, amuulize mama anayeishi pale, agundue kwamba mfereji unaishia ukutani mwa nyumba yake. Na kwa kuwa wachoraji walikuwa wakazi na wanafunzi wa jiji hilo hilo, walijifunza programu za ramani wakiwa wamesimama ndani ya jambo wanalolichora. Ramani hiyo nayo ina udhaifu wa wakati, kwa maana mfereji uliochorwa safi leo unaweza kujaa taka mwezi ujao. Lakini imeanza na swali la mwendo wa maji, na mwendo ndio maji.

Jedwali la vituo lingeweza kupata mwendo huo. Vituo 26,780 kati ya vile 59,400 ni vya maji ya mserereko, yaani vinalishwa na bomba linaloshuka kutoka chanzo cha mlimani. Nukta ishirini za bomba moja zinaweza kufa siku moja kwa sababu ya ufa mmoja juu kule. Ndani ya jedwali hizo ni mistari ishirini isiyojuana, na safu ya jina la mradi, ambayo ingeziunganisha, imeachwa wazi kwa vituo vingi.

Tathmini

Sikuandika haya kulishusha jedwali. Ni kazi ya thamani, na kuliweka wazi kulihitaji ujasiri: nchi ilikubali kuonyesha ulimwengu kwamba zaidi ya theluthi ya vituo vilivyokaguliwa havikuwa vikifanya kazi. Nchi nyingi zina hali kama hiyo na zimeificha. Bila uwazi huo nisingekuwa na la kuhakiki, wala wanafunzi wasingekuwa na la kujifunzia. Fani yake imefaulu kuhifadhi historia ya wafadhili na teknolojia, na imehifadhi, bila kukusudia, sauti ya wenyeji katika safu ya majina. Imeshindwa pale ilipomfanya pampu kuwa mhusika mkuu na mchotaji kuwa sufuri, ilipoacha wakati nje, na ilipokubali kupimwa kwa kipimo kisichojali ufa.

Kwa walimu wa vyuo vyetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala, ninaomba jambo moja. Endeleeni kulitumia jedwali hili, lakini msimpe mwanafunzi kompyuta siku ya kwanza. Mpeni mistari kumi iliyochapwa kwenye karatasi, aisome kwa sauti, aeleze kila safu imetoka kwa nani, imepatikanaje, na nani hayumo. Mwambieni asifute safu ya majina kabla hajaisoma. Mpimeni kwa kundi la matengenezo kwanza, makundi mengine baadaye. Kisha mpelekeni kwenye kituo kimoja cha karibu, mwezi Machi, na mrudisheni hapo hapo mwezi Oktoba, akaandike mstari wa pili wa kituo kile kile. Mwanafunzi atakayepita njia hiyo atatengeneza programu inayomhudumia mchota maji, na hiyo ndiyo programu tunayoihitaji.